Kuuguza na Kuuguliwa: Thamani ya Muuguzaji wa Nyumbani na Ustawi Wake

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya kuthaminiwa na ustawi wa mtu anayemuuguza jamaa yake nyumbani. Uchunguzi unaanzia katika lugha, kwa kuangalia vitenzi ugua, uguza na uguliwa pamoja na kauli ambazo Waswahili huambiana wakati wa maradhi, kisha unayalinganisha mambo hayo na matokeo ya utafiti wa sayansi za jamii. Inadaiwa kwamba kuthaminiwa humfaa muuguzaji pale tu uchungu wake unapotambuliwa, kazi yake inaposhukuriwa na neno lake linaposikilizwa. Na kwamba kipimo cha ukweli wa yote hayo ni kuwapo kwa mtu wa kumpokea mzigo.

1.0 Utangulizi

Katika jamii za Afrika Mashariki mgonjwa wa muda mrefu huuguzwa na watu wake. Hospitali humlaza kwa siku kadhaa, humpima na kumpa dawa, kisha humrudisha kwao. Hata akiwa wodini, mara nyingi ni jamaa wanaomletea chakula, kumfulia nguo na kumsaidia kuoga. Mzee aliyepooza kwa kiharusi, mama aliyeingiwa na maradhi ya kusahau, mtoto aliyezaliwa na ulemavu mkubwa, kila mmoja wao ana mtu anayeamka usiku kumgeuza, kumnywesha na kumsikiliza. Aghalabu mtu huyo ni mwanamke: mke, binti, dada au mkaza mwana. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018, iliyotumia takwimu za nchi 64, ilionyesha kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi ya matunzo isiyo na malipo, ikiwa ni pamoja na ulezi wa watoto.

Mjadala kuhusu watu hawa umeelekea zaidi kwenye mzigo wanaoubeba. Hilo ni jambo la haki, lakini halitoshi. Wapo wauguzaji wawili wenye wagonjwa wa hali moja, saa za kazi zile zile na umaskini ule ule. Mmoja akadhoofika na kukata tamaa, mwingine akachoka bila kuvunjika. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa ukubwa wa mzigo peke yake. Makala haya yanadai kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo imo katika namna watu wengine wanavyomchukulia yule anayeuguza.

Neno muuguzaji linatumika hapa kwa maana ya jamaa anayemhudumia mgonjwa nyumbani bila mshahara. Limechaguliwa ili kumtofautisha na muuguzi, ambaye katika matumizi ya siku hizi ni mtaalamu aliyesomea na kuajiriwa kwa kazi hiyo. Haja ya kutafuta istilahi yenyewe ni dalili ya tatizo linalojadiliwa. Neno lililotokana moja kwa moja na kitenzi cha kuuguza limechukuliwa na taaluma, na jamaa aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kabla ya taaluma kuwapo amebaki akielezwa kwa mafungu ya maneno: anayekaa na mgonjwa, anayemwangalia mzee, au, katika korido za hospitali, ndugu wa mgonjwa. Jina hili la mwisho humtambulisha mtu kwa nasaba yake tu. Halisemi lolote kuhusu kazi aifanyayo.

2.0 Sarufi ya Maradhi

Hata hivyo, Kiswahili hakikumsahau muuguzaji. Alama zake zimo katika mnyambuliko wa kitenzi. Sentensi zifuatazo zinafaa kulinganishwa:

(1) Mama anaugua.
(2) Binti anamuuguza mama.
(3) Binti ameuguliwa na mama.

Katika (1) kuna mtu mmoja tu, naye ni mgonjwa. Katika (2) kitenzi kimechukua umbo la kusababisha, lakini maana yake iliyozoeleka si kusababisha ugonjwa. Binti hakumfanya mama augue. Anamhudumia katika kuugua kwake. Hali kama hiyo inaonekana katika zaa na zalisha: mkunga anayemzalisha mzazi hakumtia mimba, bali anamsaidia kulifikisha mwisho tendo ambalo ni la mzazi mwenyewe. Kwa hiyo umbo la kitenzi linamweka muuguzaji ndani ya tendo la kuugua, wala halimwachi pembeni kama mtazamaji.

Sentensi (3) ina mafunzo zaidi. Kitenzi ugua hakichukui yambwa, na kwa kawaida kitenzi cha namna hiyo hakitarajiwi kuingia katika kauli ya kutendwa. Kinachokiwezesha kuingia ni kiambishi cha kutendea, kikifuatwa na cha kutendwa: -ugu-li-w-a. Mtenzi wa ugonjwa, yaani mama, anasukumwa nyuma ya na, na nafasi ya kiima inachukuliwa na yule aliyeathiriwa na jambo lile bila ya yeye kulitenda. Kundi hili la vitenzi ni dogo lakini lina uzito: kufiwa, kukimbiwa, kunyeshewa, kuuguliwa. Vyote vinaeleza mkasa unaomtokea mtu kwa sababu ya jambo lililomtokea au kutendwa na mwingine. Aliyefiwa hakufa, lakini kifo kimemfika. Vivyo hivyo, aliyeuguliwa haugui, lakini ugonjwa umemfika.

Kwa vitenzi hivi viwili, basi, lugha imetenga mambo mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Kuuguza ni kazi. Ina mikono, saa na ujuzi. Kuuguliwa ni msiba wa polepole. Una hofu, huzuni na maisha yaliyosimama. Mtu mmoja huwa na yote mawili kwa wakati mmoja, na kila moja lina haja yake. Kazi inataka kushukuriwa, na msiba unataka kuliwazwa.

Lakini ulinganifu na kufiwa una mpaka wake. Kutokana na kufiwa limepatikana jina mfiwa, na kulizunguka jina hilo umejengwa utaratibu mzima: matanga, rambirambi, watu wa kupika, watu wa kukesha, siku zinazojulikana za kuanza na kumaliza. Kutokana na kuuguliwa halikuzoeleka jina lolote la mtu, wala hakuna utaratibu wenye mipaka iliyo wazi. Mfiwa hukatazwa kupika kwa siku kadhaa. Aliyeuguliwa kwa miaka saba hupika kila siku, kwa ajili yake, kwa ajili ya mgonjwa, na kwa ajili ya wageni wanaokuja kumtazama mgonjwa.

3.0 Thamani na Siha katika Utafiti

Uhusiano wa kuthaminiwa na siha ya muuguzaji umeguswa na utafiti wa aina mbalimbali. Mwaka 1980 Steven Zarit na wenzake wawili walichapisha nchini Marekani uchunguzi wao kuhusu jamaa waliokuwa wakiwatunza wazee 29 wenye maradhi ya kupoteza akili. Ilitarajiwa kwamba kadiri mgonjwa anavyosumbua, ndivyo anayemtunza atakavyosema kwamba mzigo ni mzito. Matokeo hayakuwa hivyo. Uzito wa mzigo haukufuata wingi wa usumbufu wa mgonjwa. Ulihusiana na idadi ya ziara ambazo jamaa wengine walimfanyia mzee: palipokuwa na wageni wengi zaidi, mzigo ulionekana mwepesi zaidi. Uchunguzi ulikuwa mdogo, lakini kwa msomaji wa Kiswahili unagusa desturi anayoijua, ile ya kwenda kumjulia hali mgonjwa. Ziara inayohesabiwa kuwa ni ya mgonjwa kumbe humtibu na aliyeketi kando ya kitanda.

Mwaka 1990 Leonard Pearlin na wenzake walieleza, kwa kutumia mahojiano na wauguzaji 555 wa wagonjwa wa Alzheimer katika miji ya San Francisco na Los Angeles, kwamba msongo wa muuguzaji una vyanzo vingi. Mbali na kulemewa na kazi, walitaja hali ya mtu kujiona amefungwa na wajibu asioweza kuutoka. Kifungo hicho si sawa na wingi wa kazi. Mtu anaweza kufanya kazi nyingi akajiona huru, na mwingine akafanya chache akajiona mateka.

Kwamba hali hizi hugusa hata uhai ilidhihirika mwaka 1999, pale Richard Schulz na Scott Beach walipowafuatilia wazee wa Marekani kwa takriban miaka minne. Waliokuwa wakiwauguza wenzi wao na kusema kwamba kazi hiyo inawaelemea walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wasiouguza mtu. Lakini waliouguza bila kuelemewa hawakuwa na ongezeko hilo. Uchunguzi mkubwa zaidi wa David Roth na wenzake wa mwaka 2013 ulikuta kwamba wauguzaji kwa jumla walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 18 ikilinganishwa na watu wa hali kama zao wasiouguza. Matokeo haya mawili hayapingani. Yanaonyesha kwamba kuuguza si sumu kwa tabia yake. Mazingira ya kazi hiyo ndiyo yanayoweza kuigeuza ikawa sumu.

Nadharia tatu husaidia kueleza namna mazingira hayo yanavyofanya kazi. Ya kwanza ni ya Morris Rosenberg na Claire McCullough (1981), ambao walisema kwamba mtu hujiona ana maana kwa wengine anapozingatiwa, anapoonekana kuwa muhimu, na anapotegemewa. Muuguzaji ana la tatu kwa wingi. Anategemewa usiku na mchana. Pengine la kwanza na la pili hana kabisa, na kutegemewa bila kuzingatiwa ndiko kunakomfanya mtu ajione chombo. Ya pili ni ya mwanafalsafa wa Kijerumani Axel Honneth (1992), aliyegawa kutambuliwa katika ngazi tatu: upendo, haki na heshima ya kijamii. Kukosa ngazi yoyote ni jeraha, na upendo wa nyumbani hauwezi kufidia haki iliyokoseka nje. Ya tatu ni ya Johannes Siegrist (1996) kuhusu kazi za ajira: jitihada kubwa isiyolingana na malipo huumiza mwili, ukiwamo moyo. Siegrist alihesabu heshima kuwa sehemu ya malipo, sambamba na fedha na usalama wa kazi. Muuguzaji hana mshahara wala cheo cha kupandishwa. Katika orodha hiyo limebaki fungu moja analoweza kulipwa, yaani heshima, nalo likizuiwa huwa hakulipwa chochote.

Njia ambayo hali hii humdhuru mtu si ya ajabu. Asiyethaminiwa huitafsiri kila kazi kuwa ni kuonewa. Haombi msaada kwa kuwa anahofu kuambiwa analalamika. Huficha maradhi yake mwenyewe, kwani katika nyumba ile nafasi ya mgonjwa imekwisha kujazwa. Anayethaminiwa hupata ruhusa ya kusema amechoka, na ruhusa hiyo ni kinga.

4.0 Njia za Kiswahili za Kumthamini Muuguzaji

4.1 Pole

Kauli ya kwanza anayoambiwa muuguzaji ni pole: poleni na mgonjwa, pole kwa kuuguza, pole kwa kuuguliwa. Jibu la mapokeo, tumeshapoa, linatumia kitenzi cha kupoa, na kwa hiyo neno la mgeni huchukuliwa kana kwamba limekwisha kufanya kazi yake ya kupunguza joto la uchungu. Jambo la kuzingatia ni kwamba pole hii husemwa kwa wingi, poleni, hata anapokuwapo mtu mmoja. Wingi huo una heshima ndani yake na huueneza ugonjwa juu ya nyumba nzima. Lakini unaweza pia kumficha yule mmoja aliyekesha. Mwana wa kiume aliyefika jana kutoka mjini na dada yake aliyekaa na mama miaka mitano hupokea poleni ile ile, kwa kipimo kile kile.

Baada ya pole hufuata maswali, na maswali karibu yote ni ya mgonjwa: amelalaje, amekula nini, daktari amesemaje. Muuguzaji hujibu yote hayo kama mjumbe. Swali dogo la ziada, na wewe mwenyewe umelalaje, halihitaji lugha mpya wala gharama, na ndilo linalomtoa katika ujumbe na kumrudisha katika utu.

4.2 Shukrani, dua na radhi

Shukrani ya mgonjwa ina namna nyingi. Wapo wanaosema ahsante. Wazee wengi huishukuru kazi kwa dua: Mungu akulipe, Mungu akuzidishie. Baba anapomwambia binti yake, wewe sasa ndiye mama yangu, anamvua utoto na kumpa cheo. Juu ya yote hayo ipo radhi ya mzazi, ambayo haihesabiwi kuwa ni shukrani tu. Ni urithi unaoaminiwa kumfuata mtoto maisha yake yote. Kwa mwenye imani hiyo, siku ngumu huwa na maana, na maana ni miongoni mwa vitu vinavyomwezesha mtu kuvumilia.

Fasihi ya Kiswahili ina mfano wa mgonjwa anayetoa badala ya kupokea tu. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo mwaka 1858 katika pwani ya kaskazini ya Kenya ya leo, husomwa zaidi kwa mawaidha yake juu ya ndoa na adabu. Mandhari yake, hata hivyo, ni ya ugonjwa: mama aliyeugua kwa muda mrefu anamwita binti yake akae karibu naye na vifaa vya kuandikia. Utendi hausemi kwamba binti ndiye aliyemuuguza. Unachoonyesha ni kwamba mama aliye taabani bado ana kitu cha kutoa, na kwamba anayeketi kando yake anafanywa mrithi wa maarifa. Mama huyo alifariki mnamo mwaka 1860, na utendi ukabaki.

Dhidi ya yote haya inaweza kuletwa hoja ya methali: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa kumnyamazisha muuguzaji anayelalamika. Lakini methali hii inamwambia mtenda, haimwambii mtendewa. Inamwonya mtu asiuze wema wake. Haimpi jirani yake kibali cha kunyamaza. Aliyetendewa ana methali yake mwenyewe, nayo ni kali: fadhila za punda ni mateke. Methali hizi mbili zikisomwa pamoja, wajibu unagawanyika sawasawa: mmoja asidai, na mwingine asisahau.

Kuna wakati ambapo mgonjwa hawezi tena kushukuru. Aliyepoteza kauli kwa kiharusi, au asiyemtambua tena mwanawe, hana radhi ya kuitamka. Wengine humtukana au kumshuku anayewahudumia. Hapo chemchemi ya kwanza ya thamani hukauka, na hapo ndipo jamaa na majirani wanapopaswa kusema kwa niaba ya mgonjwa yale ambayo angeyasema kama angeweza.

4.3 Kauli

Njia ya tatu haizungumzwi sana, nayo ni kumfanya muuguzaji awe mwenye kauli. Anayekaa na mgonjwa anajua mambo ambayo daktari hayaoni kwa dakika chache: ni saa ngapi homa hupanda, ni dawa gani hutapikwa, ni maumivu gani hufichwa mbele ya wageni. Akiulizwa na kusikilizwa, huwa ametambuliwa kuwa ni mwenye ujuzi. Akiambiwa atoke nje ili wataalamu wazungumze, na baadaye akakabidhiwa maagizo ya kutekeleza, huwa amefanywa mikono isiyo na kichwa.

Hali ni ile ile katika kikao cha ukoo. Mara nyingi uamuzi wa kumhamisha mgonjwa, kumtafutia mganga, au kuuza mali kwa ajili ya matibabu hutolewa na wakubwa wa ukoo, ilhali atakayeutekeleza hakuitwa. Mkaza mwana anayemuuguza mavyaa wake huwa katika nafasi ngumu zaidi, kwa kuwa kazi yote ni yake na neno si lake. Pole na shukrani vinaweza kutolewa kwake kwa wingi bila ya mtu yeyote kumuuliza anaona nini kifanyike.

5.0 Kilemba cha Ukoka na Mpangilio wa Matanga

Si kila sifa ni thamani. Kiswahili kina usemi wa kumvika mtu kilemba cha ukoka, yaani kumsifu kwa sifa zisizo na kitu ndani yake. Katika uuguzaji kilemba hiki husukwa kwa maneno matamu: hakuna anayemjua mama kama wewe, sisi wengine hatuwezi, wewe una moyo. Kila neno laweza kuwa kweli. Lakini mara nyingi kazi ya maneno hayo ni kufunga mjadala wa zamu. Kwa kuwa yeye ndiye ajuaye, basi na aendelee. Kwa kuwa ana moyo, basi hachoki. Sifa imegeuka pingu, na hali aliyoieleza Pearlin ya mtu kufungwa na wajibu inaletwa kwa mkono wa kumpongeza.

Namna ya kutofautisha thamani ya kweli na kilemba cha ukoka imo katika adabu ya zamani ya njiani. Anayekutana na mtu aliyebeba mzigo humwambia, nikupokee. Hamwambii tu kwamba mzigo ni mzito, wala hamsifu kwa nguvu za shingo yake, hunyoosha mikono. Pole na shukrani zinazofuatwa na kupokewa, japo kwa usiku mmoja, japo kwa saa mbili za kwenda sokoni au kulala, humfikia mtu kama ukweli. Zisipofuatwa na kitu, humfikia kama maneno matupu, na Waswahili wamekwisha kusema kwamba maneno matupu hayavunji mfupa. Ndivyo yanavyoweza kueleweka pia matokeo ya Zarit: mgeni anayekuja kumtazama mzee huleta maneno, na mara nyingi huleta pia mikono, masikio na muda.

Mtihani mkubwa zaidi huja mgonjwa anapofariki. Matanga hupanga wafiwa kwa nasaba. Anayetangulizwa kupewa mkono ni mtoto wa kwanza au mume, bila kujali alikuwa wapi wakati wa maradhi. Mkaza mwana aliyemuogesha marehemu kila siku anaweza kuwa jikoni akiwapikia waliokuja kuwapa pole wengine. Pengine hupata lawama: alimlisha nini, mbona hakuwahi hospitali. Hivyo siku moja anapoteza mambo matatu: mtu aliyemzoea, kazi iliyoujaza mchana na usiku wake, na nafasi yake katika simulizi la maradhi yale. Huzuni isiyo na cheo huchelewa kupona. Neno moja mbele ya watu, likitaja nani alimuuguza marehemu na kwa muda gani, halivunji mpangilio wa nasaba, bali linauongezea haki.

6.0 Funzo la UKIMWI na Wajibu wa Dola

Umuhimu wa mambo haya ulidhihirika kwa ukali katika miaka ya UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa katika hospitali za umma mwaka 2004. Katika miaka zaidi ya 20 iliyo katikati, tiba iliyopatikana kwa wengi ilikuwa ni kuuguzwa nyumbani. Aliyeuguza hakubeba kazi peke yake. Alibeba na unyanyapaa. Majirani walipunguza ziara, na pole zikaja kwa kunong'onwa. Kuuguliwa, ambako kwa kawaida huleta watu, kuliwafukuza.

Jibu lilianzia kwa walioguswa wenyewe. Nchini Uganda, Noerine Kaleeba, ambaye mumewe alifariki kwa maradhi hayo mwaka 1987, aliongoza kuanzishwa kwa shirika la TASO mwaka huo huo. Nchini Tanzania, WAMATA ilianzishwa mwaka 1989, na jina lake refu, Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania, linastahili kuangaliwa kiisimu. Halisemi wagonjwa, halisemi wahanga, wala halisemi ndugu wa mgonjwa. Neno walio linamkusanya anayeugua na anayeuguza chini ya kiambishi kimoja, na nomino mapambano inawapa wote hadhi ya watendaji. Jina lilimpa muuguzaji kile ambacho ndugu wa mgonjwa halikumpa.

Ngazi ya haki, kama alivyoieleza Honneth, imeanza kuguswa na sheria na sera. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1995 kuhusu watunzaji iliweka neno kutambuliwa katika kichwa chake, na ikampa anayetunza kwa kiasi kikubwa haki ya kutathminiwa uwezo wake wa kuendelea na kazi hiyo. Katika Afrika Mashariki, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 57, inampa mzee haki ya kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa familia yake na kwa dola. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa msingi wa matunzo. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kuwalipa pensheni wazee wote waliotimiza miaka 70, kwa kiwango cha awali cha shilingi 20,000 kwa mwezi. Hatua hizi ni za kuheshimiwa. Hata hivyo zote tatu za Afrika Mashariki zinamtazama anayetunzwa. Familia inatajwa kama chanzo cha matunzo kisichokauka, na mtu mmoja ndani ya familia hiyo ambaye kwa kweli ndiye familia, saa nane za usiku, hatajwi.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Kiswahili kinautambua ugonjwa kuwa ni tukio la watu zaidi ya mmoja. Kitenzi uguza kinamtambua mfanyakazi, na kitenzi uguliwa kinamtambua mwenye msiba. Imeonyeshwa pia kwamba utafiti uliofanywa mbali na lugha hii unafikia hitimisho linalokaribiana na hekima yake: siha ya muuguzaji haitegemei tu uzito wa mgonjwa, bali pia kama yuko mtu anayeuona uzito huo na kuugusa.

Yapo mambo matatu yanayofuatia. Kwa wanaisimu, kundi la vitenzi kama kufiwa na kuuguliwa linastahili uchunguzi mpana zaidi, kwa kulinganisha lahaja na lugha nyingine za Kibantu, ili ijulikane ni mikasa gani ambayo sarufi imeiteua kuwa ya kushirikiana. Kwa watunzi wa istilahi, iko haja ya kumpatia jamaa anayeuguza jina litakalokubalika katika hospitali na katika sheria, kwa kuwa ni vigumu kumwandikia haki mtu asiye na jina. Kwa walimu wa wauguzi na madaktari, somo la kumuuliza muuguzaji anachokijua na namna alivyolala lingefaa kuingizwa katika mafunzo sambamba na somo la kumpima mgonjwa.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kuchukua nafasi ya mikono. Pole huupoza uchungu, shukrani huipa kazi heshima, na kauli humrudishia mtu akili yake. Lakini anayesema hayo yote na kisha akaondoka, akauacha mzigo palepale kichwani, amefanya nusu ya adabu. Nusu ya pili ni nikupokee.